Kung'oa okidi ya madoa kabla haijamwaga mbegu

Okidi ya madoa (Oeceoclades maculata) ni mmea wa asili ya Afrika, na kwetu misituni uachwe mahali pake. Huko Florida na Puerto Rico umegeuka gugu. Jani lake ni gumu, la kijani lenye mabaka meusi-meusi, nalo huota juu ya kibonge kimoja kilichovimba. Ua ni dogo. Mdomo wake mweupe una madoa mawili ya waridi.

Usingoje wadudu wakuonyeshe hatari. Ua hujichavusha lenyewe: tone la mvua hung'oa kifuniko cha chavua, kikonyo kinachoshika chavua hujipinda, chavua ikagusa stigma, yaani sehemu ya ua inayoipokea. Kwa hiyo mmea mmoja tu unatosha kueneza gugu hili.

Kata kwanza shina la maua na kulifunga ndani ya mfuko, hasa matunda yanapoanza kugeuka manjano, maana yakipasuka mbegu hupeperuka kama vumbi. Kisha ingiza kijiko cha bustani chini ya mizizi, ambayo haiendi kina, uinue vibonge vyote, kinachobaki huchipua. Usivitupe kwenye mboji. Rudi baada ya mvua: miche hujificha chini ya majani makavu.