Kabla ya kupasuliwa utumbo: mambo ya kuandaa mapema

Mgonjwa aliyepangiwa tarehe ya kupasuliwa utumbo, iwe KCMC hapa Moshi au hospitali za Arusha, ana kitu ambacho mgonjwa wa dharura hana: muda wa kuujenga mwili. Utumbo ukikatwa na kuungwa, mshono hupona kwa damu na protini. Mwili ukiwa dhaifu, pale ulipoungwa huweza kuachia na kinyesi kikavujia tumboni.

Kwa hiyo pima uzito. Ukiwa umepungua zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi 6, daktari ajue mapema. Kula mayai, maharage, dagaa. Wingi wa damu nao upimwe wiki kadhaa kabla, maana vidonge vya madini ya chuma haviongezi damu ndani ya siku mbili tu. Ndugu wa kuchangia damu watafutwe sasa, si asubuhi ya upasuaji. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla.

Dawa zote unazotumia, hata za miti shamba, zibebe na pakiti zake. Prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, huchelewesha kidonda kupona, lakini kuikatisha ghafla ni hatari zaidi. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla. Yote mawili ni uamuzi wa daktari.

Kama kuna uwezekano wa kutolewa utumbo nje na kuvaa mfuko wa choo, omba sehemu ya tumbo utakapotokea iwekwe alama kabla ya siku ya upasuaji. Alama ipimwe ukiwa umesimama, umekaa na umeinama, mbali na kitovu, makovu na pale unapofunga mkanda au kanga. Nenda na nguo unazovaa kila siku. Ikiwekwa ukiwa umelala tu, siku utakapokaa ngozi itajikunja, mfuko utabanduka na choo kitachubua ngozi. Uliza pia mifuko inauzwa wapi, bei gani, na kama bima inailipia; wengi huuliza siku ya kuruhusiwa, wakati wameshachelewa.

Usiku wa kuamkia upasuaji, usinyoe tumbo kwa wembe. Michubuko midogo hukaribisha vijidudu. Chakula kwa kawaida huachwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji au chai ya rangi saa 2 kabla, ila kama wodi imekupa masharti mengine, fuata hayo. Mtori ni chakula, hata ukinywewa kwa kikombe. Chai ya maziwa vilevile.

Anayekuuguza naye aelekezwe. Pale utumbo ulipoungwa pakivuja, mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza, hasa siku ya 5 hadi 7, pengine ukiwa umesharudi Rombo au Karatu: homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuvimba na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hapo ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, si kununua dawa ya maumivu dukani.