Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua amplifaya ndogo ya gitaa kwa mazoezi ya nyumbani

Wengi wanaotaka kununua amplifaya ndogo ya gitaa huanza kwa kuuliza ina wati ngapi, na muuzaji, kwa kuwa namba ni rahisi kuitaja kuliko kuieleza sauti, huwajibu kwa wati. Kwa anayeishi Unguja au Pemba swali la mwanzo lingefaa kuwa jengine: utapigia chumba gani, saa ngapi, na nani yuko upande wa pili wa ukuta? Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa zinazozuia sauti vizuri, lakini madirisha yake hayafungwi kwa sababu ya joto, na kichochoro kilicho chini ya dirisha ni chembamba kiasi kwamba apigacho mtu ghorofani humfikia jirani wa mbele kama kwamba wamekaa baraza moja. Sakafu zilizobebwa na boriti nazo hupeleka mtetemo chini, hasa amplifaya inapowekwa sakafuni badala ya juu ya kiti au meza. Katika nyumba nyingi za Ng'ambo njia ya sauti ni ya juu, kwa sababu kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati, hivyo mlio hupanda, ukapita darini, ukashukia chumba cha pili. Wanaokaa katika majumba ya Michenzani hawahitaji kuelezwa, maana ukuta wao na wa jirani ni mmoja.

Ongeza hapo mpangilio wa siku. Ukiondoa nyakati za sala, saa za kazi au skuli, na mwezi wa Ramadhani ambao usiku wake una tarawehe, muda unaobaki kwa wengi wetu ni baada ya isha, watoto wakiwa wamekwisha kulala. Kwa hivyo amplifaya utakayoitumia kweli kila siku ni ile inayotoa sauti ya kuridhisha ikiwa imefunguliwa kidogo tu, na sifa hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Kuhusu wati, inafaa kuelewa jambo moja ambalo huwapotezea watu fedha. Sikio halisikii wati kwa hesabu ya kujumlisha. Ukiongeza nguvu mara mbili, kwa mfano kutoka wati 10 hadi 20, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo msikilizaji huitambua lakini haimshtui. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili masikioni, nguvu inahitaji kuongezwa takriban mara kumi. Maana yake ni kwamba mtu anayelipa zaidi ili atoke wati 10 aende 15 amenunua kitu ambacho chumbani kwake hatakisikia, na kwa mazoezi ya usiku hata wati moja haimalizi kuitumia. Amplifaya tunazoziona jukwaani Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara zimechaguliwa kwa ajili ya uwanja wa wazi wenye watu wengi, na kuzifanya kipimo cha chumba cha kulala ni sawa na kununua jahazi la kuvukia mkondo wa maji ya mvua.

Kinachobadilisha sauti zaidi kuliko wati ni spika na kisanduku chake. Waya mnene wa gitaa uliotiwa tuni ya kawaida hutoa mlio wa karibu hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na spika ya inchi 3 au 4 ndani ya kisanduku kidogo haiwezi kuutoa mlio huo kwa ukamilifu. Utakachosikia ni kivuli chake. Spika ya inchi 8, kama iliyomo kwenye Fender Champion 20, hujaza chumba kwa namna ambayo mwanafunzi anaweza kupambanua kama kidole gumba chake kinapiga sawasawa. Hata hivyo sikio letu lenyewe hupunguza sauti nene pale mlio unapokuwa mdogo, kwa hivyo usiijaribu amplifaya dukani ikiwa imefunguliwa nusu kisha ukaamua. Irudishe chini mpaka uweze kuzungumza na muuzaji bila ya kunyanyua sauti, ndipo usikilize kilichobaki. Amplifaya za vali, yaani zile za kizamani zinazokuza sauti kwa taa za kioo, ambazo wapigaji wakongwe huzisifu, na kwa haki, mara nyingi huonyesha utamu wake zikifunguliwa sana; tena ndani yake mna umeme wa mamia ya volti unaoweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa, na vali huchakaa na kuhitaji kuagizwa kutoka nje. Kwa mazoezi ya nyumbani visiwani sioni sababu ya kujitakia mashaka hayo.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo mimi mwenyewe nilipopata hasara. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na soketi zetu ni zile za pini tatu bapa za Kiingereza. Vifaa vilivyokwisha kutumika vinavyoingia nchini hutoka pande nyingi, na vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na vya Marekani volti 120. Amplifaya yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba inafanya kazi, na kweli kwake ilikuwa inafanya kazi, kwa kuwa alikuwa akiitumia kwa transfoma ya kupunguza umeme ambayo hakuona haja ya kuitaja. Niliichomeka nyumbani, ikatoa mlio mmoja wa kishindo, kisha harufu. Karatasi ndogo nyuma ya kisanduku ilikuwa imeandika volti 100 kwa herufi zinazosomeka vizuri kabisa; ni mimi ambaye sikusoma.

Basi soma maandishi hayo kabla ya kusikiliza noti hata moja. Ikiwa amplifaya inatumia adapta ya nje na adapta imeandikwa volti 100 hadi 240, hakuna shida, itafanya kazi popote. Ikiwa transfoma imo ndani na imeandikwa volti 220, 230 au 240, pia ni salama. Baadhi zina swichi nyuma ya kuchagua volti, na hiyo ihakikishwe iko upande wa 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa ni 100 au 120 pekee, itahitaji transfoma ya kupunguza, na bei yake pamoja na uzito wake vihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya amplifaya. Adapta ikipotea usichukue yoyote inayoingia tundu: volti iwe ile ile, ampea zisipungue zilizotakiwa, na upande chanya na hasi wa kichwa chake ulingane na mchoro ulio kwenye kisanduku, kwa sababu vifaa vingi vya gitaa huweka hasi katikati ilhali adapta nyingi za vitu vyengine huweka chanya.

Kwenye plagi yenyewe, fyuzi ya ampea 13 inayotosha birika la umeme ni kubwa mno kwa amplifaya ndogo. Ya ampea 3 inafaa zaidi. Pini ya ardhi isikatwe wala isirukwe kwa adapta ya pini mbili, hata kama mtu atakwambia kwamba kuikata kunaondoa mvumo. Wewe umeshika waya za chuma za gitaa zilizounganishwa na kisanduku hicho, na ukiharibika usalama wa ndani, ardhi hiyo ndiyo inayokukinga. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba vimetengenezwa kwa insulesheni maradufu, hivyo havihitaji ardhi, na hivyo peke yake ndivyo vinavyosamehewa.

Umeme kukatika nako kuhesabiwe. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na Pemba imeunganishwa na Tanga kwa njia hiyo hiyo tangu 2010. Waliokuwepo wanaikumbuka miezi ya kiza ya Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi si hivyo, lakini umeme ukikatika chomoa amplifaya, kisha usubiri dakika chache baada ya kurudi, kwa kuwa volti hupanda na kushuka wakati huo. Amplifaya inayokubali betri ni faida ya kweli hapa. Roland Micro Cube GX, yenye wati 3 na spika ya inchi 5, hutumia betri sita ndogo za AA, na Marshall MS-2 ya wati moja hutumia betri moja ya volti 9. Ukichagua ya namna hiyo, nunua pamoja nayo betri za kuchajiwa, kwani za kutupwa humaliza fedha polepole bila ya mtu kutambua.

Tundu la hedifoni ni sharti, na lijaribiwe: spika inyamaze kabisa hedifoni ikiingia, na sauti isikike masikio yote mawili. Angalia pia kama tundu ni la milimita 6.35 au 3.5, ili usirudi nyumbani na hedifoni isiyoingia. Tundu la kuunganisha simu linastahili uzito huo huo, maana wengi wetu hujifunza kwa kusikiliza wimbo na kuufuata, na kuusikia wimbo na gitaa katika spika moja kunafundisha kuliko kuuweka wimbo kwenye simu upande wa pili wa chumba. Bluutuzi yafaa kwa kuuleta wimbo kutoka kwenye simu, lakini hedifoni za Bluutuzi za kawaida hazifai kusikilizia gitaa lako mwenyewe, kwa kuwa sauti huweza kuchelewa kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mkono hauwezi kufuata sikio linalochelewa.

Kisha kuna suala la chombo kitakachochomekwa. Spika ya amplifaya ya gitaa la umeme hupunguza sauti nyembamba kwa makusudi, jambo linaloipendeza gitaa ya umeme na kuifanya gitaa kavu, yaani ile ya kisanduku cha mbao isiyohitaji umeme, iliyotiwa pikapu ya kunasa sauti, isikike kama imefunikwa blanketi. Katika visiwa ambavyo kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwa kikipiga taarab tangu 1905, si ajabu nyumba moja ikawa na gitaa na udi, na mwenye udi atataka kuchomeka pia; nyumba hiyo itazame amplifaya za vyombo vikavu, au zile za kidijitali zenye chaguo la sauti kavu, kama Yamaha THR10II. Gitaa la besi lisichomekwe kwenye spika ndogo ya gitaa na kufunguliwa sana, kwani mtetemo wake unaweza kuichana. Ama zile athari za mwangwi na mengineyo, mbili au tatu zinatosha. Zikizidi, mwanafunzi huzungusha vitufe badala ya kupiga.

Hewa ya bahari hula kila kilicho cha chuma. Usiweke amplifaya karibu na dirisha linaloelekea pwani, ifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na betri zitolewe ikiwa haitatumika kwa wiki kadhaa, hasa wakati wa masika. Kwa iliyotumika, zungusha kila kitufe polepole na usikilize: mkwaruzo mdogo huondolewa kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, lakini tundu linalokatakata sauti waya unapotikiswa, au lililoota kutu ya kijani, ni dalili kwamba ndani kumeliwa pia.

Nenda dukani na gitaa lako na waya wako, yaani waya wa kuunganishia gitaa na amplifaya wenye kinga ndani yake, si waya wa spika ambao huonekana sawa kwa nje na huleta mvumo. Omba amplifaya iachwe ikiwaka nusu saa huku ukipiga, kisha uguse kisanduku kwa nyuma. Vuguvugu ni kawaida, joto la kuunguza au harufu si kawaida. Na ukikubaliana bei, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti, pamoja na jina la amplifaya, kwamba ni ya volti 230.