Somo: Kuruka mzunguko wa lupu ya nje ukiwa ndani ya lupu nyingine (Python)

"Nimeandika `continue` lakini lupu ya nje haijaruka." Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kila mara kipande kipande, na kila mara anatokea mwingine ambaye hakukiona kipande cha jana. Leo naliweka lote pamoja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Lupu ni sehemu ya programu inayojirudia, na `continue` ni amri ya kuuacha mzunguko uliopo na kwenda kwenye unaofuata. Shika jambo moja kabla hatujaanza. Kila unapotaka kuandika `continue`, kwanza taja unachoruka. "Naruka namba" na "naruka safu nzima" ni maombi mawili tofauti, na `continue` inaelewa moja tu kati ya hayo.

Hatua ya 1. Tengeneza jedwali dogo la kujaribia.

```
jedwali = [[4, 7, 2], [5, -1, 9], [8, 3, 6]]
```

Lengo: tuchapishe jumla ya kila safu, lakini safu yenye namba hasi irukwe yote. Jibu sahihi ni 13 na 17. Liandike pembeni, maana ndilo tutakalolipimia kila kitu.

Hatua ya 2. Endesha hii uone inavyokosea.

```
for safu in jedwali:
    jumla = 0
    for namba in safu:
        if namba < 0:
            continue
        jumla += namba
    print(jumla)
```

Inatoa 13, 14, 17. Ile 14 ni 5 na 9: iliyorukwa ni -1 peke yake, safu yake imebaki. `continue` ni mali ya lupu iliyo karibu nayo zaidi, ile inayoizunguka moja kwa moja. Lupu za nje haizigusi, ziwe mbili au kumi.

Hatua ya 3. Badilisha `continue` iwe `break`, uendeshe tena. Sasa unapata 13, 5, 17. Umetoka kwenye lupu ya ndani, ndiyo, lakini `print` iliyo chini yake bado inafanya kazi na kuchapisha jumla iliyokatika njiani. Wengi huishia hapa wakidhani wamemaliza, kwa sababu ile -1 haionekani tena popote. Rudi kwenye jibu uliloandika pembeni.

Hatua ya 4. Bendera, yaani jina linaloshika `True` au `False` ili kukumbuka kama safu ni mbovu. Hii soma polepole. Ndiyo njia ambayo kila mtu anaijaribu kwanza, nami ndiyo iliyonipotezea muda kuliko zote.

```
for safu in jedwali:
    mbovu = False
    jumla = 0
    for namba in safu:
        if namba < 0:
            mbovu = True
            break
        jumla += namba
    if mbovu:
        continue
    print(jumla)
```

13 na 17. Sawa. Sasa angalia mstari wa `mbovu = False` ulipokaa: ndani ya lupu ya nje, juu ya lupu ya ndani. Ukiupandisha juu ya `for` ya kwanza, programu itatoa 13 tu na kunyamaza. Safu ya pili inainua bendera, hakuna anayeishusha, na kila safu inayofuata inarukwa hata kama ni nzima. Hakuna ujumbe wa kosa wala onyo lolote. Kibaya zaidi, ikitokea safu mbovu ni ya mwisho kwenye data yako ya majaribio, majibu yatatoka sahihi kabisa na utaamini programu yako ni salama. Kwa hiyo unapojaribu, weka safu mbovu katikati na nyingine mwanzoni. Usiiweke mwisho peke yake.

Onyo la pili ni la `jumla = 0`. Nayo ukiipandisha juu, utapata 13 na 35. Ile 5 ya safu iliyorukwa imebaki ndani ya hesabu, na 13 ya safu ya kwanza imo pia.

Onyo la tatu ndilo zito. Kuruka hakufuti kilichokwisha kufanyika. Hapa tunajumlisha tu, kwa hiyo 5 inapotea bila madhara. Lakini kama lupu yako ya ndani inaandika kwenye faili, inatuma ujumbe au inabadilisha rekodi kwenye hifadhidata, basi kufikia wakati unaigundua -1, kazi ya 5 imeshatoka nje na hairudi. Katika hali hiyo kagua safu nzima kwanza, ndipo ufanye kazi. Hatua ya 7 inaonyesha namna.

Hatua ya 5. `else` ya lupu. Python inaruhusu `for` kuwa na `else` yake. Inatekelezwa pale tu lupu inapofika mwisho bila kukutana na `break`.

```
for safu in jedwali:
    jumla = 0
    for namba in safu:
        if namba < 0:
            break
        jumla += namba
    else:
        print(jumla)
```

Bendera haihitajiki tena. `else` lazima ilingane na `for`, si na `if`. Nimeona mtu ameiandika hivi:

```
        jumla += namba
        if namba < 0:
            break
        else:
            print(jumla)
```

Python haikulalamika. Ilichapisha 4, 11, 13, 5, 8, 11, 17, naye akatafuta kosa kwenye data.

Hatua ya 6. Funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina, unachokiita unapokihitaji. Hii ndiyo ninayoitumia zaidi. Kazi ya lupu ya ndani inahamia kwenye funksheni, na `return` inaikatiza yote kwa mara moja.

```
def jumla_ya_safu(safu):
    jumla = 0
    for namba in safu:
        if namba < 0:
            return None
        jumla += namba
    return jumla

for safu in jedwali:
    jumla = jumla_ya_safu(safu)
    if jumla is None:
        continue
    print(jumla)
```

Andika `is None`. Ukiandika `if not jumla`, safu yenye sifuri pekee itarukwa pia, ingawa ni safu halali yenye jumla ya 0.

Hatua ya 7. Kama swali lako ni "je, kuna hata moja mbaya?", uliza hivyohivyo:

```
for safu in jedwali:
    if any(n < 0 for n in safu):
        continue
    print(sum(safu))
```

`any` husimama inapokutana na namba hasi ya kwanza. Basi.

---

MASWALI

Swali: Mkuu nimejaribu imegoma. Msaada tafadhali.

Jibu: Hatua ipi? Umeandika nini? Imetoa nini? Bila hayo matatu siwezi kukusaidia.

Swali: Kwa nini nisiandike `continue` mbili zikifuatana? Moja ya ndani, moja ya nje.

Jibu: Kwa sababu ya pili haifikiwi kamwe. Ya kwanza ikishatekelezwa, programu imeshaondoka mahali hapo.

Swali: Nimeandika kama ulivyosema, bado imeruka safu zote baada ya ile mbovu. Nadhani mfano wako una makosa.

Jibu: Mfano nimeuendesha kabla ya kuuweka. Umetangaza bendera juu ya lupu ya nje. Hatua ya 4, aya ya chini ya mistari ya programu. Aya hiyo niliiandika ndefu makusudi.

Swali: Habari mwalimu. Natoka kwenye Java, na kule naipa lupu ya nje jina kisha naandika `continue` na jina hilo. Kuna sababu gani Python haina kitu hicho? Au nimekitafuta vibaya?

Jibu: Hujakitafuta vibaya, hakipo, na swali lako ni zuri. Kwa wasioijua Java, anachosema ni hiki:

```
nje:
for (int[] safu : jedwali) {
    int jumla = 0;
    for (int namba : safu) {
        if (namba < 0) continue nje;
        jumla += namba;
    }
    System.out.println(jumla);
}
```

`nje` ni lebo, nawe unachagua jina. JavaScript, Go, Rust, Kotlin na Swift nazo zina lebo, kila moja kwa mwandiko wake. Kwa Python, pendekezo la kuziongeza liliandikwa mwaka 2007, ni PEP 3136 (PEP ni hati ya pendekezo la kuibadilisha Python). Guido van Rossum, aliyeiunda lugha yenyewe, alilikataa. Hoja zake: programu tata kiasi cha kuhitaji lebo ni nadra, mara nyingi `return` inatosha na kuacha kazi safi, na watu wangeitumia lebo hata pasipohitajika. Mimi nakubaliana naye nusu. Hoja ya `return` ni ya kweli, ndiyo maana naipenda hatua ya 6. Ila katika kupekua jedwali lenye viwango vitatu, `continue nje` husomeka kwa jicho moja, na sidhani kama msomaji angepotea.

Swali: Asante sana mwalimu. Na zile lugha zinazotumia namba badala ya jina?

Jibu: PHP na Bash. Unaandika `continue 2`, maana yake lupu ya pili kuhesabu kutoka ndani. Ni fupi, lakini siku ukiongeza lupu nyingine katikati, ile 2 inaelekea mahali pengine bila kukuambia. Jina halina tatizo hilo. Tena kwenye PHP, `switch` (amri ya kuchagua njia moja kati ya kadhaa) nayo huhesabiwa kama lupu kwa ajili ya `continue`, kwa hiyo `continue` tupu ndani ya `switch` hufanya kazi ya `break`. Kuanzia PHP 7.3 lugha yenyewe inakutolea onyo ukiandika hivyo.

Swali: Yangu ni `while`, nimeweka `continue` programu ikaganda. Kompyuta ina tatizo?

Jibu: Kompyuta ni nzima. Umeweka `i += 1` chini ya `continue`, kwa hiyo `i` haiongezeki tena na sharti linabaki kweli milele. Ongeza `i` kabla ya `continue`, au tumia `for`.

Swali: Mimi data yangu inatoka kwenye jenereta, kila safu inazalishwa inapohitajika. Nimetumia hatua ya 7, safu mbovu zinarukwa vizuri lakini nzima zote jumla yake ni 0. Nimekagua mara kadhaa, kila kitu kiko kama kwako.

Jibu: Umefanya vema kueleza hali yote, maana hili somo halikuligusa. Jenereta husomwa mara moja tu. `any` inapoikagua safu nzima isiyo na hasi, inaimaliza yote ikitafuta, na `sum` inapofika haikuti kitu, hivyo inarudisha 0. Weka `safu = list(safu)` juu ya `any`, itapona. Kama safu ni kubwa mno kuwekwa kwenye kumbukumbu, tumia hatua ya 5 au ya 6, kwa sababu zote mbili hupita kwenye data mara moja tu.

Swali: Ahaa, imekubali! Na safu ikiwa tupu kabisa, haina hata namba moja?

Jibu: Njia zote nne, hatua ya 4 hadi ya 7, zitachapisha 0. Lupu tupu haikutani na `break`, kwa hiyo `else` yake inatekelezwa, na `any` ya kitu kitupu ni `False`. Kama kwako safu tupu ni kosa, ongeza `if not safu: continue` mwanzoni. Kwa jenereta hiyo haisaidii mpaka uigeuze kuwa orodha kwanza.

Swali: Si rahisi zaidi kuzifuta tu zile hasi kwa `remove` wakati lupu inaendelea?

Jibu: Usifanye hivyo. Chukua `[5, -1, -2, 9]` ufute hasi huku unaipitia: utabaki na `[5, -2, 9]`. Ukiondoa -1, -2 inasogea kwenye nafasi ambayo lupu imeshaipita, hivyo haiangaliwi. Hapo unaruka mzunguko ambao hukutaka kuuruka. Tengeneza orodha mpya: `[n for n in orodha if n >= 0]`. Ila kumbuka huko ni kuruka namba. Mada yetu ni kuruka safu.

Swali: Mkuu, nimesoma kwamba `itertools.product` inaunganisha lupu mbili kuwa moja. Haitatui tatizo hili?

Jibu: Inatatua la jirani yake. Ukiwa na lupu moja badala ya mbili, `break` moja inakutoa kwenye zote, na hapo ni nzuri sana, kwa mfano unapotafuta jozi ya kwanza inayofaa. Lakini kuruka "vyote vilivyobaki vya safu hii" hakuwezekani tena, maana safu kama safu haipo, kuna jozi tu. Pia inasoma data zote mbili mpaka mwisho kabla ya kuanza kutoa jozi, kwa hiyo usiipe jenereta isiyo na mwisho.

Swali: Kwenye JavaScript nimeweka `continue` ndani ya `forEach`, inakataa kabisa kuanza.

Jibu: `forEach` ni funksheni inayoita funksheni yako, si lupu ya lugha, kwa hiyo `continue` haina pa kwenda. `return` ndani yake hufanya kazi ya `continue`, kwa kiwango hicho kimoja tu. Ukitaka kuruka ya nje, zote mbili ziandike kwa `for...of` na uipe ya nje lebo.