Somo: Kupoza oili ya giaboksi kwenye Noah ya zamani

Wakuu, giaboksi nyingi za otomatiki ninazoziona zikishushwa hapa Dodoma zimeunguzwa na oili isiyopozwa. Yangu iliniharibikia njia ya Mtera, jua la saa nane, familia yote ndani. Chanzo kilikuwa mpira mmoja uliopasuka, uliokuwa ukidondosha oili polepole kwa wiki kadhaa nami sikuinama kuangalia.

Oili hutoka giaboksi, ikapita kwenye bomba dogo lililo ndani ya rejeta, ikazungukwa na maji na kurudi. Kwa hiyo ukijaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, magadi yanaganda ndani kama kwenye birika, na giaboksi inachemka pamoja na injini. Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta) iliyokwisha kuchanganywa.

Hatua ya 1. Pima oili injini ikiwa ya moto, inaunguruma, gari liko tambarare. Kanyaga breki, pitisha gia zote, rudisha P. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ifute, ichomeke tena ndipo usome upande wa HOT. Oili ambayo bado ni nzuri ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, joto limeshaila.

Hatua ya 2. Osha rejeta kwa nje, injini ikiwa imepoa. Vumbi letu la kiangazi huziba mapezi yake (vibati vyembamba vinavyopitisha upepo) kabisa. Piga maji ya kawaida kutoka nyuma kwenda mbele. Presha ya kuoshea magari hupinda mapezi.

Hatua ya 3. Kagua mipira miwili ya oili kati ya giaboksi na rejeta. Iliyo migumu, yenye nyufa au inayolowa, ibadili yote miwili. Hapa msibane pesa: nunua mpira wa oili unaostahimili joto. Wa maji huvimba, ukachomoka safarini. Weka klipu mpya. Kinga oili inayomwagika, pima ujazo wake, rudisha kiasi hicho hicho cha aina iliyoandikwa kwenye dipstiki au kitabu cha gari. Noah yenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) ina oili yake peke yake, msichanganye.

Hatua ya 4. Washa injini dakika chache uangalie uvujaji, kisha pima upya kama hatua ya 1.

Maswali

Kutoka Kondoa: Fundi, oili yangu imekuwa ya pinki kama maziwa ya stroberi. Nimeambiwa nibadili oili tu.

Jibu: Usiiwashe tena kaka, ivutwe hadi gereji. Bomba la ndani ya rejeta limetoboka, maji yameingia giaboksi. Badili rejeta kwanza, safisha mabomba, ndipo ubadili oili, tena zaidi ya mara moja. Maji hubandua gundi ya sahani za klachi, kwa hiyo kama ulishatembea nayo mbali, jiandae giaboksi kufunguliwa.

Kutoka Kibaigwa: Mimi nimeshauriwa niunganishe bomba la kutoka na la kurudi kwa mpira mmoja, nisipitishe rejeta.

Jibu: Dada yangu, usikubali. Oili itazunguka bila kupoa popote, na mlima mmoja wenye mzigo unatosha kuimaliza. Kama rejeta haijapatikana, funga kipozeo cha nje mbele ya rejeta, mahali panapopata upepo, mbali na feni.

Kutoka Manyoni: Oili ni nyeusi na haijawahi kubadilishwa tangu ninunue gari. Nikimwaga ya sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) inatosha?

Jibu: Haitoki yote, nyingi hubaki ndani ya konveta, kile kifaa kinachounganisha injini na giaboksi. Mwaga ya sampu, badili filta, jaza kiasi kile kile, tembea kilomita mia chache, urudie. Lakini kwanza niambie: ukipanda mlima, injini inaunguruma huku gari haliongezi mwendo? Ikiwa ndivyo, usinunue oili bado. Anza kwa fundi wa giaboksi afungue sampu uone kama kuna unga wa klachi chini.