Kabla Hujavishwa Kofia ya Zirkonia

Daktari akikwambia atakuvisha kofia ya zirkonia, yaani kifuniko cha kauri ngumu kinachovishwa juu ya jino zima lililochongwa, bado hajakwambia mengi. Kuna zirkonia ya gego na ya jino la mbele, iliyopakwa kauri nyingine juu na isiyopakwa, na kila moja ina mahali pake. Maswali yanayofaa ni yale ya kabla ya kuchongwa, maana tabaka gumu la nje la jino likishaondolewa halioti tena.

Cha kwanza kuangaliwa ni jino lenyewe. Kofia hushikwa na kisiki kilichobaki, na madaktari hupenda kuona angalau milimita 1.5 hadi 2 za jino halisi zikiwa zimesimama juu ya ufizi, kuzunguka pande zote. Zikipungua sana, kofia itakuwa imeng'ang'ania mjazo badala ya jino, na ugumu wa zirkonia hautakuokoa: itang'oka, au mzizi utapasuka huku kofia ikiwa nzima. Omba upigwe eksirei inayoonesha jino mpaka ncha ya mzizi, kisha muitazame pamoja. Kama kuna usaha nchani, au tiba ya mzizi (kusafisha na kuziba mfereji wa ndani ya jino) iliyofanywa zamani haikukamilika, hilo limalizwe kwanza. Fizi zinazotoka damu nazo zitangulie kutibiwa. Ufizi uliovimba hutoa kipimo cha uongo, na ukipona hunywea ukaacha ukingo wa kofia wazi.

Na kama jino halina tatizo ila rangi? Hapa ningekusihi usubiri. Arusha na Kilimanjaro kuna watu wengi waliokua wakinywa maji yenye floraidi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno yao yana madoa ya kahawia. Hao hushawishika upesi wakioneshwa picha za meno meupe. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu walioko Uingereza wanaokwenda Uturuki kwa wiki moja kubadilishwa tabasamu: wapo wanaodhani wanabandikwa vigamba vyembamba kwa mbele, kumbe meno mazima yanachongwa pande zote yabaki vijiti, kisha yanavishwa kofia. Kofia kamili hula zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana mdomoni. Meno mengine hayastahimili, kiini chake chenye neva hufa, na miaka kadhaa baadaye mtu wa miaka 30 anaanza tiba za mizizi kwenye meno ambayo hayakuwahi kuuma. Kwa madoa, uliza kwanza kuhusu kukwangua tabaka la juu kwa dawa, kung'arisha, au kujaza kwa mjazo wa rangi ya jino. Kofia iwe ya jino lililovunjika, lililojazwa mara nyingi, au gego lililotibiwa mzizi.

Sasa zirkonia yenyewe. Ni metali iitwayo zirkoniamu iliyoungana na oksijeni (oksidi), lakini ikiwa oksidi si metali tena, ni kauri nyeupe. Kiwandani huchanganywa na itria kidogo, oksidi ya metali nyingine, na kiasi cha itria ndicho kinachoamua tabia yake. Yenye itria asilimia 3 kwa hesabu ya molekuli ndiyo ngumu kuliko zote: hustahimili mkazo wa megapaskali 900 hadi 1,200 kabla ya kuvunjika, wakati kauri ya kioo yenye lithi, inayopendwa kwa meno ya mbele, iko karibu na 400. Siri yake iko ndani ya chembe. Ufa unapoanza, chembe zilizo kwenye ncha yake hubadili umbo na kutanuka kwa takriban asilimia 4, zikaubana ufa usisonge. Watafiti wa Australia walioieleza tabia hiyo mwaka 1975 waliilinganisha na feleji, wala hawakutia chumvi sana.

Kasoro ya aina hiyo ni weupe usiopitisha mwanga. Kwenye gego la nyuma hakuna atakayeuona. Kwenye jino la mbele, chini ya jua la saa sita, jino moja litaonekana limekufa kati ya yaliyo hai. Ndiyo maana ikatengenezwa zirkonia ya itria asilimia 5, ambayo karibu nusu ya chembe zake zina mpangilio uleule wa almasi za bandia za sonara. Mwanga hupita vizuri, ila ule uwezo wa kuubana ufa unakuwa umepotea karibu wote, na nguvu hushuka sana, mara nyingi chini ya megapaskali 800. Ya asilimia 4 iko katikati. Siku hizi kuna pia vipande vya zirkonia vyenye tabaka, ambavyo baadhi huwa na nguvu chini na mwangaza juu, na vingine hutofautiana rangi tu. Kwa hiyo ukiambiwa "hii haivunjiki" na papo hapo "hii ina mwangaza wa jino halisi", omba wakutajie aina, maana sifa hizo mbili hazipatikani kwa ukamilifu mahali pamoja.

Halafu kuna suala la kupaka. Zamani kidogo ilikuwa kawaida zirkonia itumike kama kiini tu, juu yake fundi akapaka kauri laini ili ipendeze. Hupendeza kweli. Lakini ile kauri ya juu ndiyo dhaifu, na malalamiko makubwa ya kofia hizo ni kumeguka vipande huku kiini kikibaki salama. Kwa gego ningechagua kofia ya zirkonia tupu bila kusita. Kwa jino la mbele, kupaka upande wa mbele tu, pasipogusana na meno ya pili, ni njia ya kati inayoeleweka.

Faida hazina ubishi. Hakuna ule mstari mweusi kwenye ufizi unaoletwa na kofia za metali zilizofunikwa kauri. Mwenye mzio wa nikeli yuko salama. Ufizi huizoea vizuri, na kwenye gego inaweza kutengenezwa nyembamba, pengine milimita moja au chini ya hapo juu ya jino, hivyo kinachochongwa ni kidogo kuliko kwa kofia ya metali yenye kauri. Kwa jumla, kofia zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado ziko mdomoni baada ya miaka 5. Kofia za metali na kauri nazo zinafikia hapo, jambo ambalo wauzaji wa zirkonia hawalitaji sana.

Ugumu wenyewe una gharama yake. Ikibidi kofia itolewe, haing'olewi kirahisi. Hukatwa kwa vichongeo vya almasi, kwa muda, huku maji yakimwagwa ili isipate joto. Vilevile jino likihitaji tiba ya mzizi baadaye, daktari atalazimika kuitoboa. Ndiyo sababu jino lenye maumivu ya mashakamashaka lisiharakishwe kufunikwa. Gundi nayo ina masharti: zirkonia haina silika (kiungo kikuu cha kioo), kwa hiyo asidi inayotumika kukwaruza kauri za kioo haifanyi kazi kwake. Hupigwa mchanga laini wa alumina ndani, ikapakwa dawa maalumu, na ikishaguswa na mate wakati wa kujaribishwa lazima isafishwe upya. Huhitaji kujua majina ya dawa hizo. Inatosha kuuliza, "Baada ya kuijaribisha mtaisafishaje?" na kusikiliza kama jibu linakuja haraka.

Watu wengi huogopa kwamba zirkonia italisaga jino la upande wa pili. Iliyosuguliwa ikang'aa hailisagi sana. Iliyokwanguliwa kurekebishwa na kuachwa na mikwaruzo ndiyo msasa. Kama wewe husaga meno usingizini, sema mapema, hata kama aliyekuambia ni mwenzako wa chumbani tu. Utachaguliwa aina ngumu, na huenda ukatengenezewa kinga ya kuvaa usiku. Taja pia sukari, ujauzito na dawa za kuzuia damu kuganda.

Kwa mtoto hesabu ni nyingine. Kofia za zirkonia za meno ya utoto huja zimetengenezwa tayari, hazibanwi wala kupindwa zikae. Jino ndilo linalochongwa zaidi liifuate kofia, na ufizi usivuje damu wakati wa kugandisha. Kwa gego la utoto, kofia ya chuma cha pua haivutii macho lakini inatosha kabisa, na huwa nafuu.

Kuhusu fedha, omba mchanganuo kwa maandishi kabla ya kulipa kianzio: tiba ya mzizi, kujenga kisiki, kofia ya muda ya kuvaa ukingoja ya kudumu, kofia yenyewe, na nani atagharamia ikivunjika ndani ya mwaka. Bima ikiwapo, waulize wao, si mapokezi ya kliniki. Uliza pia kofia inatengenezwa wapi na ni zirkonia ya kampuni gani, jibu liandikwe kwenye faili lako. Fundi sanifu wa maabara huichonga kwenye kipande kisichoiva, kubwa kuliko jino, kwa sababu hunywea kwa takriban moja ya tano kila upande ikichomwa kwenye tanuri la nyuzi 1,500 hivi. Anayekuahidi yote kwa saa moja akueleze ana tanuri gani. Yapo ya haraka, lakini si kila zirkonia inakubali kuharakishwa.

Rangi ichaguliwe mwanzoni, mchana, kabla meno hayajakauka kwa kukaa mdomo wazi, na midomo ikiwa haina rangi. Ukitaka kung'arisha meno mengine, ng'arisha kwanza na usubiri kama wiki mbili, maana kofia haing'ariki. Ukiwa na kofia ya muda, kashata, ubuyu na mahindi ya kuchoma visubiri, na uzi wa meno uuvute kwa pembeni badala ya kuunyanyua.

Siku ya kugandisha, omba uione mdomoni kabla ya gundi. Uzi upite kwa kubana kidogo bila kukatika. Ukiumanisha meno, usihisi kofia inatangulia mengine, na kwa kuwa ganzi hudanganya, sema kama bado midomo ni mizito. Daktari akikwangua kurekebisha, mwambie aisugue mpaka ing'ae tena, na pitisha ulimi: ukihisi mikwaruzo, kazi haijaisha.