Namna ya Kuandaa Kipindi cha Redio cha Saa Moja kuhusu Patsy Cline

Mtangazaji anayetaka kumweleza Patsy Cline, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwa Kiswahili, awe katika stesheni ya Kampala, Arua au Kasese, ana bahati moja na tatizo moja. Bahati ni kwamba wasikilizaji wengi wa makamo hapa Uganda wamekua wakimsikia Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri, nyumbani, kwa hiyo hawahitaji kufundishwa kuupenda muziki wa kantri. Tatizo ni kwamba jambo ambalo karibu kila mtu analijua kuhusu mwimbaji huyu ni kifo chake, na kifo hicho kisipozuiliwa hukimeza kipindi kizima.

Nalisema hili kwa kuwa nililifanya kosa hilo mwenyewe. Kipindi changu cha kwanza nilikifungua kwa habari ya ndege iliyoanguka, nikaendelea na mazishi, nikaja kustuka zimebaki dakika kumi na tano na wimbo mmoja tu umepigwa. Mzee mmoja akapiga simu kutoka Arua, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, huyu mama aliimba nini?" Tangu siku hiyo huanza na nyimbo, na maisha huyapanga kuzizunguka.

Chagua nyimbo saba au nane kabla hujaandika sentensi hata moja. Nyimbo zake nyingi hazifiki dakika tatu, hivyo nane zitakuchukulia dakika ishirini na kidogo, na baada ya kutoa matangazo ya biashara utabakiwa na nusu saa hivi ya kuzungumza. Hapa msikilizaji aliyezoea kadongo kamu, ambamo gitaa moja na msimuliaji mmoja wanaweza kumaliza robo saa na zaidi katika kisa kimoja, atashangaa kuona jinsi mwanamke huyu anavyomaliza kisa chake kwa beti chache. Mshangao huo usiupoteze: utaje hewani, kisha mwache asikilize.

Sehemu ya utoto iwe fupi. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1932 huko Winchester, jimbo la Virginia, akaitwa Virginia Patterson Hensley. Baba yake aliiacha familia, na binti akaacha shule ili afanye kazi na kumsaidia mama yake, Hilda, ambaye alikuwa fundi wa kushona. Jina la Patsy lilitokana na Patterson, na Cline ni jina la mume wake wa kwanza, Gerald Cline, aliyefunga naye ndoa mwaka 1953. Jambo moja tu ningelikalia kidogo, nalo ni kwamba mavazi yake ya jukwaani ya miaka ya mwanzo, yale yenye nyuzi za kuning'inia kwa mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani, yalishonwa na mama yake. Msikilizaji ambaye mama yake alisomesha watoto kwa cherehani ya barazani hatahitaji maelezo zaidi.

Kuanzia hapo ingia kwenye mkataba, na usiogope kukaa hapo muda mrefu, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa habari yenyewe. Mwaka 1954 alitia saini na kampuni ya kurekodi muziki ya Four Star kwa masharti yaliyomfunga kurekodi nyimbo ambazo haki zake zilimilikiwa na kampuni hiyo hiyo. Hebu mweleze msikilizaji kwa mfano wa karibu: ni kama fundi hodari wa nguo anayelazimishwa kukata vitambaa vya duka moja tu, vizuri kwa vibovu, na malipo yake yakawa madogo pia. Katika miaka ile yote, wimbo uliovuma kweli ulikuwa mmoja, "Walkin' After Midnight", ambao hakuupenda mwanzoni, lakini aliuimba katika shindano la vipaji la Arthur Godfrey kwenye televisheni mwezi Januari 1957 na akashinda. Ulifika nafasi ya pili katika chati ya kantri, ukaingia hata katika chati ya muziki wa pop. Baada ya hapo, kimya cha miaka kadhaa. Piga wimbo huo, kisha mmoja kati ya zile ambazo hazikuvuma, na uulize kama sauti ndiyo iliyopungua au nyimbo. Mtu yeyote mwenye masikio atajibu sawasawa.

Mwaka 1960 mkataba ule ulikwisha. Mwezi Januari mwaka huo huo alikuwa ameingizwa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville kilichokuwa hewani tangu 1925, na sasa akatia saini moja kwa moja na kampuni nyingine ya kurekodi, Decca. Mtayarishaji wake, au prodyuza kama wasikilizaji wetu wanavyosema, alibaki kuwa Owen Bradley. Kilichobadilika ni kwamba sasa wangeweza kuchagua nyimbo popote. Bradley alipunguza fidla na gitaa la chuma la mtindo wa zamani, akaweka vinanda vya nyuzi vya taratibu na waitikiaji, kundi la The Jordanaires. "I Fall to Pieces", ulioandikwa na Hank Cochran na Harlan Howard, ulirekodiwa mwishoni mwa 1960 na ukafika kileleni mwa chati ya kantri mwezi Agosti 1961.

Lakini ulipokuwa ukipanda, mwimbaji alikuwa ametoka hospitali. Tarehe 14 Juni 1961 gari alilokuwamo liligongana uso kwa uso na jingine mjini Nashville, akajeruhiwa vibaya usoni na nyongani. Mwezi Agosti aliingia studio akitembea kwa magongo ili kurekodi "Crazy" wa Willie Nelson, na mbavu zilizoumia zikamzuia kuzifikia noti za juu. Bradley akarekodi vyombo kwanza, akamruhusu aende akapone, na wiki chache baadaye akarudi kuimba juu ya muziki uliokuwa tayari. Simulia haya kabla ya kupiga wimbo, kisha piga sekunde chache za mwanzo, pale piano ya Floyd Cramer inapoingia, usimamishe, umwambie msikilizaji asikilize jinsi asivyoharakisha neno hata moja, halafu uupige wote kutoka mwanzo bila kuzungumza juu yake.

Maneno ya nyimbo yasitafsiriwe mstari kwa mstari. Kiswahili kitatoka kigumu na wimbo utakufa. Toa kisa kwa sentensi mbili. Katika "She's Got You" wa mwaka 1962, mwanamke anahesabu vitu alivyobaki navyo, picha, santuri na pete, kisha anakiri kwamba mwanamke mwingine ndiye aliyempata mwanamume. Mswahili aliyelelewa na taarab angetarajia fumbo au kijembe kwa mke mwenza. Hapa hakuna, kuna mtu anayesema wazi kwamba ameshindwa. Tofauti hiyo inatosha kuwapigisha wasikilizaji simu kwa dakika kumi.

Jitayarishe pia kwa ombi moja ambalo halikosi: wimbo alioimba pamoja na Jim Reeves. Hawakuwahi kurekodi pamoja. Rekodi ile ilitengenezwa mwaka 1981, wote wawili wakiwa marehemu, kwa kuunganisha sauti zao kutoka kanda mbili tofauti. Upige ukitaka, ila useme ukweli wake, kwa sababu msikilizaji akiugundua mwenyewe baadaye hatakuamini tena hata kwa mengine.

Kuhusu taratibu, hakikisha stesheni yako ina kibali cha kupiga muziki kutoka chama cha haki za wanamuziki, yaani UPRS. Linganisha kila tarehe katika vitabu viwili kabla ya kuitamka, na uweke nyimbo kwenye kifaa cha pili chenye betri, maana umeme hauna adabu kwa wafu wala walio hai.

Kifo kiweke dakika tano za mwisho na kisizidi dakika moja. Tarehe 3 Machi 1963 aliimba Kansas City katika onyesho la kuichangia familia ya mtangazaji wa redio aliyefariki kwa ajali, na tarehe 5, akirudi nyumbani, ndege ndogo iliyoendeshwa na meneja wake Randy Hughes ilianguka katika hali mbaya ya hewa karibu na Camden, jimbo la Tennessee. Waimbaji Cowboy Copas na Hawkshaw Hawkins walikufa pamoja nao. Alikuwa na umri wa miaka 30, na albamu tatu tu zilikuwa zimetoka akiwa hai. Ukishasema hayo, piga "Sweet Dreams", uliorekodiwa mwezi mmoja kabla, na uuache hadi noti ya mwisho izimike yenyewe, hata kama tangazo la sabuni linasubiri.