Umewekwa ndani siku tatu bila kuambiwa kosa? Jinsi ya kuomba Mahakama ya Dhamiri, Tver, Urusi, miaka ya 1780

Sheria ya majimbo ya Novemba 1775 imeleta ofisi nyingi hadi makarani wenyewe wanapotezana: chemba ya hazina, chemba ya jinai, ya madai, mahakama za makabaila, za watu wa mjini, za wakulima. Aliye mahabusu aachane nazo zote. Yake ni sovestny sud, Mahakama ya Dhamiri, moja kwa kila guberniya, yaani jimbo. Ukishikiliwa Torzhok, mji wa wilaya, ombi liende Tver, makao makuu ya jimbo. Usilipitishe kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Huenda ndiye aliyekuweka ndani.

Hesabu siku kwanza. Ibara ya 401 inataka siku tatu ziwe zimepita, na katika siku hizo uwe hujaambiwa sababu, au hujahojiwa. Mojawapo inatosha, ila itaje waziwazi. Andika pia tabaka lako, kwa kuwa mbali na jaji utasikilizwa na wajumbe wawili wa tabaka hilo, na siku uliyoingia. Jina la ofisi inayokushikilia lisikosewe: amri ya mahakama inatumwa huko, na barua iliyokosea mlango hakuna anayeharakisha kuirudisha.

Sasa penye mtego. Njia hii haiwahusu walioshikwa kwa kumtukana Mfalme, uhaini, mauaji, wizi au unyang'anyi. Afisa mjanja hahitaji zaidi ya neno "wizi" kwenye daftari, na ombi lako limekwisha. Kwa hiyo kurasa za kuapa kwamba huna hatia ni wino wa bure, maana hapa hatia haiamuliwi. Eleza kwa sentensi moja ulishikwa katika jambo gani, kwa mfano ugomvi wa deni au wa mpaka wa shamba, na utaje walioshuhudia ukichukuliwa.

Ombi likipokelewa, wajumbe wanatakiwa watoe amri kabla hawajainuka vitini: mfungwa aletwe, pamoja na maelezo ya kwa nini anashikiliwa. Ofisi ikiikalia amri zaidi ya siku moja, mwenyekiti wake anatozwa rubli 500 na kila mjumbe rubli 100. Mzigo huo unawaamsha hata wale ambao huwa hawaamki kabla ya chai.

Ndugu zako watafute wadhamini mapema, ombi likiwa bado linaandikwa. Hutoki huru moja kwa moja. Unatoka kwa dhamana ya mwenendo wako na ya kufika mahakamani.

Mtwana anayemlalamikia bwana wake asijaribu kabisa. Amri ya Agosti 1767 imeweka kiboko na kazi ngumu Nerchinsk, huko Siberia, kwa anayewasilisha malalamiko ya namna hiyo, pamoja na aliyemwandikia.